Mama Wakili Anajibu: Sadaka zetu na mishahara ya wanasheria

Toleo lililopita niliahidi kujibu barua zinazohusu ofisi za sheria zinazofunguliwa makanisani na kwenye taasisi za Kiislamu. Zimenifikia nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua nne. Majina na maeneo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa wakili wa kujitegemea, kisha nikaajiriwa miaka mingi kama mwanasheria wa dayosisi moja. Ninayoyasema hapa mengi yametoka kwenye kazi ile.

*Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni mzee wa kanisa Nyanda za Juu Kusini. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu tulisomewa bajeti yenye kifungu kipya, idara ya sheria, yenye wanasheria wawili na karani. Zamani tulikuwa na wakili mmoja mjini, anaitwa kesi ikitokea, analipwa, basi. Waumini wananiuliza kwa nini sadaka yao ilipe mishahara ya wanasheria wakati nyumba ya mchungaji inavuja. Tena Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani. Niwajibu nini?*

Marahaba, mzee wangu. Waumini wako wana haki ya kuuliza, na usikubali mtu yeyote awanyamazishe. Ila kabla ya kuwajibu, chukua karatasi uandike kila kitu ambacho dayosisi yenu inamiliki au inaendesha. Anza na sharika na mitaa yake, kila mmoja na kiwanja chake. Endelea na shule za sekondari, zahanati, hosteli, kituo cha mikutano, mashamba ya miti, magari, nyumba za kupangisha. Kisha hesabu watu wanaolipwa mshahara. Utakuta kanisa lako ni mwajiri mkubwa kuliko kampuni nyingi za mkoani kwenu. Na huko mijini mambo yamekwenda mbali zaidi. Wakatoliki wana benki, Mkombozi, tangu 2009. Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, ilianzisha Maendeleo Bank, iliyofungua milango 2013 na hisa zake zinauzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vitu hivi haviendeshwi kwa wakili wa kuitwa siku ya kesi.

Nikueleze nilichokikuta mimi. Nilikabidhiwa kabati la chuma lenye droo nne, ufunguo wake umefungwa kwa kamba ya katani. Droo ya juu ilikuwa na hati za viwanja vya mjini, ya pili mashamba, ya tatu mikataba, ya nne kila kilichokosa pa kwenda. Kwenye droo ya pili kulikuwa na hati ya shamba iliyotolewa kwa miaka 33. Muda ulikuwa umekwisha na hakuna aliyeomba kuongezewa. Nyuma yake kulikuwa na barua ya ofa ambayo haikuwahi kufuatiliwa hadi ikawa hati, na mchoro wa mipaka unaotaja mwembe, mfereji na nyumba ya mtu ambaye wajukuu zake ndio waliokuwa wakilima mle. Halafu kulikuwa na orodha ya wadhamini, watu watano. Nilipouliza niwapate wapi nisaini nao maombi, mhasibu aliniambia wanne wamelala makaburini, na wa tano hawezi tena kushika kalamu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, mzee wangu. Kanisa linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Usajili huo unaliruhusu kuwepo na kuendesha shughuli zake. Lakini anayemiliki ardhi, anayesaini mkataba, anayeshitaki na kushitakiwa ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sura ya 318 ya sheria zetu. Wadhamini wakibadilika, RITA lazima ijulishwe, na marejesho yapelekwe kila mwaka. Nimeona shauri zuri, lenye ushahidi wote, likiondolewa mahakamani kwa sababu aliyeshitaki ni "Kanisa" badala ya bodi. Washirika walichanga nauli kwa miaka kwenda kusikiliza kesi ile. Hakusikilizwa hata shahidi mmoja.

Nao usajili si wa kuchukulia poa. Juni 2025 nchi nzima iliona Msajili akilifutia usajili Kanisa la Ufufuo na Uzima. Lolote mtu analofikiri juu ya uamuzi ule, makatibu wakuu wengi walikwenda usiku uleule kutafuta katiba za makanisa yao zilizowekwa kwa Msajili, waone zinasema nini.

Juu ya ardhi, sheria yetu ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani. Viongozi wa dini huwa wanasema, "Wale ni majirani zetu, wanalima tu, tutaongea nao." Inapita miaka 15. Kuna shauri la masista wa Roho Mtakatifu, Rufaa ya Madai namba 193 ya 2016, lililofika Mahakama ya Rufani Arusha. Waliokuwa kwenye ardhi walikuwa zaidi ya watu 130. Mahakama ilifafanua kwamba kukaa kwenye ardhi muda mrefu peke yake hakumpi mtu umiliki, yapo mambo mengine lazima ayathibitishe. Ni uamuzi unaozisaidia taasisi za dini. Lakini fikiria gharama ya kufika Mahakama ya Rufani, kisha fikiria mwanasheria mwenye pikipiki anayezungukia mashamba kila mwaka na kuandikishana na majirani makubaliano ya kulima kwa msimu. Huo mshahara ni nafuu.

Kuna na jambo jipya ambalo wengi hawajalizoea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imani ya mtu ni miongoni mwa taarifa inazozilinda kwa uzito wa pekee. Daftari la waumini, kadi za ahadi zenye namba za simu, fomu za watoto wa Sunday School, maombi ya wagonjwa yanayosomwa kwa jina na ugonjwa kwenye ibada inayorushwa mtandaoni, yote yanaguswa. Lazima awepo mtu wa kumwambia mpiga kamera kwamba ugonjwa wa mama yule haurushwi bila ridhaa yake.

Sasa Mtume Paulo. Soma sura ya sita ya Wakorintho wa Kwanza hadi aya ya tano. Anawauliza kama hakuna hata mmoja kati yao mwenye hekima ya kuamua kati ya ndugu. Anachokemea ni ndugu kuburuzana kwa ugomvi ambao ungemalizwa ndani. Ofisi nzuri ya sheria inafanya hiyo kazi ya mwenye hekima. Kwenye ofisi yetu magomvi mengi yaliisha kwenye benchi la nje, usharika na fundi wake, mwalimu na mkuu wa shule, kwaya mbili na kinanda kimoja. Na Paulo huyohuyo alipoona haki yake inapotea mikononi mwa wakubwa wa dini, alikata rufani kwa Kaisari. Yamo Matendo 25. Wote mnaokumbuka mgogoro wa Meru wa miaka ya mwanzo ya 90, Walutheri kwa Walutheri hadi damu ikamwagika, mnajua gharama ya kanisa kukosa mahali ambapo watu wa pande zote mbili wanaamini watasikilizwa.

Kwa hiyo idara naiunga mkono. Ila yapo maswali ambayo ungeyapeleka mkutano mkuu kwa niaba ya waumini wako, na mimi ningeyashikilia hadi yajibiwe. Viwanja vingapi vimepata hati mwaka huu? Magomvi mangapi yameisha bila kwenda mahakamani? Na zaidi ya yote, wanasheria hawa wanaripoti kwa nani?

Nakazia hilo la mwisho. Mteja wa mwanasheria wa dayosisi ni Bodi ya Wadhamini, maana yake ni ninyi nyote, pamoja na watakaozaliwa. Askofu ni baba yake wa kiroho na huenda ni bosi wake wa kila siku, lakini si mteja wake. Niliwahi kuletewa mkataba wa mauzo ya kiwanja cha barabarani. Bei imeandikwa, mnunuzi ameshasaini, muhuri wa bodi umegongwa. Kilichokosekana ni muhtasari wa kikao cha wadhamini, kwa sababu hakikukaa kikao. Kiongozi aliyeuleta aliniambia, "Binti yangu, weka tu saini yako, kanisa lina shida ya fedha." Ni kweli lilikuwa na shida. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba nitaweka saini siku bodi itakapokaa na kuamua. Alikasirika, na kwa wiki kadhaa hakuitikia salamu yangu. Bodi ilipokaa iliamua kupangisha badala ya kuuza, na kodi yake ikalipa mishahara ya zahanati. Sikuweza kusema vile kwa ujasiri wangu tu. Mkataba wangu wa ajira ulisema naripoti kwa bodi na ni bodi pekee inayoweza kunifukuza. Kama mkataba wa wanasheria wenu hauna kifungu hicho, pigania kiwekwe kabla ya kupitisha shilingi moja.

Na nyumba ya mchungaji izibwe. Msikubali mtu awaambie kwamba lazima mchague kimoja.

*Assalaam alaykum Mama Wakili. Niko kwenye kamati ya msikiti mkoani Tanga. Kiwanja chetu kilitolewa wakfu na mzee mmoja miaka ya 80, kwa mdomo, mbele ya watu. Hati imebaki kwa jina lake. Mzee amefariki mwaka jana na watoto wake wawili wanasema kiwanja ni mirathi. Wenzetu wa makanisa wana idara za sheria. Na sisi tuajiri mwanasheria?*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Msikiti mmoja hauhitaji idara. Unahitaji wadhamini waliosajiliwa, faili moja lililo kamili, na wakili wa kumuuliza. Nikishauri zaidi, misikiti ya wilaya moja ikichangia mwanasheria mmoja, akawa na siku yake ya kukaa kwenye ofisi ya BAKWATA ya wilaya au kwenye msikiti mkubwa, mtapata huduma ileile kwa gharama mnayoiweza.

Kwanza shughulikieni hili lililo mbele yenu, na harakisheni, kwa sababu mashahidi wenu ni wazee. Wale waliosikia mzee akisema kiwanja ni wakfu, wapelekeni kwa wakili au hakimu waape na kuandikisha walichosikia. Aeleze kila mmoja siku ilikuwa ipi, walikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo, mzee alitamka nini. Tafuteni na ushahidi wa matendo: nani alilipia kodi ya ardhi, kibali cha ujenzi kiliombwa na nani, bili ya maji inakuja kwa jina gani. Pia ulizeni kama mirathi imeshafunguliwa mahakamani na msimamizi ni nani. Akikiorodhesha kiwanja kuwa mali ya marehemu, wekeni pingamizi hapohapo. Msingoje kigawiwe.

Lakini kabla ya pingamizi, nendeni nyumbani kwa watoto wa marehemu. Nendeni na sheikh wanayemheshimu na wazee wawili, msiende na umati. Mara nyingi nimeona watoto wanaodai ardhi kumbe hawakuwahi kuelezwa na baba yao, wamekuta hati sandukuni yenye jina lake wakaamini walichokisoma. Mali ikishafanywa wakfu imetoka mikononi mwa mwenyewe, hairudi kwa warithi. Mwislamu akielezwa na mtu anayemwamini atalielewa hilo. Wakikubali, waandikishane na kamati siku hiyohiyo, na msimamizi wa mirathi akihamishe kiwanja kwenda kwa wadhamini.

Ndiyo maana inabidi wadhamini wawepo. Sajilini bodi RITA, au kubalianeni kiwanja kishikwe na wadhamini wa chombo mnachokiamini. Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana yenye sheria yake ya 2007. Huku Bara mzigo mkubwa uko kwenu. Na kila atakayetoa wakfu kuanzia sasa, hata kama ni mkeka, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Isomeni kwenye kikao cha kamati.

*Mama Wakili, nimefundisha shule ya sekondari ya kanisa miaka sita. Mwezi uliopita nimepewa barua ya kuachishwa kazi, haina sababu. Nilimwendea mwanasheria wa dayosisi, mtu mwema sana, akaniambia nisubiri atalishughulikia. Imepita wiki ya tatu. Nisubiri?*

Usisubiri. Leo hii hesabu siku tangu ulipoachishwa. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa itabidi uombe kwanza usamehewe kuchelewa na ueleze sababu, na "niliambiwa nisubiri" ni sababu dhaifu. Jaza fomu namba moja, mpelekee mwajiri nakala, hifadhi uthibitisho kwamba ameipokea. Jina la mwajiri liwe la bodi ya wadhamini kama lilivyo kwenye mkataba wako. Usiandike jina la shule peke yake.

Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kanisa halijatolewa humo. Anayeitwa na kuwekwa wakfu kwa uchungaji ana mjadala wake mrefu mahakamani, lakini mwalimu wa fizikia mwenye mkataba ni mfanyakazi kama wengine.

Huyo mwanasheria simtilii shaka wema wake. Ila anamwakilisha mwajiri wako. Alipaswa kukuambia hivyo sentensi ya kwanza ulipokaa kwenye kiti, na akushauri utafute mtu wa upande wako. Sisi tuliofanya kazi ile tunalijua jaribu lake. Muumini anaingia analia, anakuita mtumishi, nawe unataka kumsaidia. Msaada wa kweli ni kumwambia ukweli huo mapema. CMA itaanza na usuluhishi, na hapo huenda mkamaliza kwa amani. Lakini uwe umeshafungua.

*Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu wa miaka 11 alifanyiwa jambo baya na mwalimu wa kwaya ya watoto. Tulilipeleka kwa viongozi. Tukaitwa ofisini, alikuwepo mwanasheria wao, akatusomea karatasi kwamba tumesameheana na hatutalisema popote kwa faida ya kanisa. Mume wangu alisaini. Tulipewa nauli na hela kidogo. Silali. Je, tumefungwa na ile karatasi?*

Milele amina, mama. Hamjafungwa. Kosa alilotendewa mwanao ni jinai, na kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Si yako, si ya mume wako, wala si ya kanisa. Hakuna karatasi inayoweza kuiuza. Saini ya mume wako haizuii polisi kupeleleza wala mahakama kusikiliza. Msimlaumu. Aliketi mbele ya watu aliofundishwa kuwatii tangu utotoni.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake. Viongozi wale na mwanasheria wao wamo katika "kila mwanajamii". Na kama kanisa lenu ni Katoliki, Papa Francis alitoa Mei 2019 sheria ya Vos estis lux mundi, inayomlazimu padri na mtawa kutoa taarifa ya dhuluma za namna hii, na inayosema wazi kwamba anayetoa taarifa haruhusiwi kuwekewa sharti la kunyamaza. Kwa hiyo ile karatasi inapingana hata na sheria za kanisa lenyewe.

Kwa mwanasheria aliyeiandika, kama anasoma hapa: ofisi za sheria kwenye taasisi za dini nimezitetea maisha yangu yote ya kazi, na karatasi kama hiyo ndiyo inayowafanya watu waamini zimewekwa kuwaficha wakubwa. Kanisa lililokuajiri linalindwa kwa kumwondoa mtu yule kwa watoto siku ileile na kuwapeleka wazazi polisi kwa gari la kanisa. Ulichofanya kimewaacha watoto wengine wa kwaya hatarini hadi leo. Mzazi, kama mtu huyo ni wakili, mnaweza kumlalamikia mbele ya Kamati ya Mawakili, lakini hilo lina wakati wake.

Kesho asubuhi nenda na mtoto kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Watawapa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mpelekwe hospitali akapimwe na kutibiwa. Kama ana maumivu sasa hivi, anzeni hospitali, polisi watafuata. Ukikosa wa kukusindikiza, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, watakuelekeza. Nguo alizovaa siku ile, kama bado zipo, usizifue. Weka kwenye mfuko wa karatasi. Nakala ya makubaliano na hiyo hela, kama haijatumika, vikabidhi kwa askari wa dawati naye aviandike. Kama imetumika, mweleze tu kiasi. Usimhoji mtoto tena na tena nyumbani, wala usimruhusu mtu kutoka kanisani amhoji. Aeleze kwa askari aliyefunzwa kuzungumza na watoto, nawe uwe karibu naye. Mwambie hajakosea kitu.